Gurudumu la Mbele Kushoto

Ukimuuliza mtu Gerezani, kule upande wa karakana, akuelekeze kwa Fundi Khalfani, atakuuliza kwanza unatafuta miguu ya nini. Ya kitanda, ya meza, ya stuli, au ya kabati la vyombo? Khalfani hatengenezi kitanda wala meza. Yeye ni mkereza miguu. Kwa miaka thelathini na nne mashine yake imezungusha mbao huku yeye akizichonga kwa patasi, na chembe za mninga zimemwingia mpaka kwenye nyusi. Nusu ya vyumba vya kulala vya Dar es Salaam vimesimama juu ya kazi yake. Hilo atakwambia mwenyewe, hata kama ulikuja kuuliza njia ya kwenda mwendokasi.

Kipimo chake ni kioo. Kiliwahi kuwa kioo cha meza ya kujipambia, siku hizi kimelazwa kwenye benchi la karakana. Stuli ikimalizika huwekwa juu yake, Khalfani anabonyeza kona zote nne kwa kidole, na ole wake stuli itakayojibu "ti-ti". Kitu kinachoyumba hakitoki mlangoni kwake. Ana neno lake la kila siku: "Lete hapa nikuoneshe." Analisema kwa upole, anachukua kifaa mkononi mwako, anakuonesha, na anaendelea kukuonesha mpaka kazi imekwisha. Vijana sita wamepita pale kujifunza, na wote sita wameondoka wakiwa mabingwa wa kutazama.

Wa kwanza kati ya hao sita alikuwa mwanawe, Hafidhi. Akiwa na miaka kumi na tisa alimtengenezea mama yake stuli, peke yake, kuanzia kukereza hadi vanishi. Khalfani akaiweka kwenye kioo. Ti-ti. Mguu mmoja ulikuwa mfupi, upana wa kidole kizima. Hakumgombeza mtoto. Alisubiri atoke, akauchomoa ule mguu, akatia mwingine wenye urefu sawa na wenzake, na jioni stuli ikapelekwa nyumbani. Hafidhi alipoiona aliitazama kidogo, akanawa mikono, na wiki iliyofuata alikuwa anauza spea za pikipiki mitaa miwili kutoka pale. Miaka kumi na minne imepita. Anamwamkia baba yake kila siku, Idi wanakula sahani moja, lakini kizingiti cha karakana hajakivuka tena. Watu wakiuliza, Khalfani husema kijana alipenda biashara. Ule mguu mfupi hakuutupa, maana hajawahi kutupa kitu alichokikereza yeye au mwanawe. Umetundikwa ukutani kwenye msumari, nyuma ya mashine, na yeye hujitahidi asiutazame sana.

Basi mwaka huu akaja Anifa.

Anifa ni binti wa Hafidhi, ana miaka kumi, anakaa Upanga na wazazi wake, na akitoka shule humsubiri baba yake afunge duka. Kusubiri kwenyewe hufanyia kwa babu, kwa sababu duka la spea halina kitu cha kuchezea ila tairi. Siku moja aliingia na karatasi mkononi.

"Shikamoo babu."

"Marahaba. Umeniletea nini leo?"

Ilikuwa karatasi ya mashindano ya vigari vya mbao, yaliyoandaliwa na chama cha watoto cha mtaani kwao. Vigari visivyo na injini, vinavyoachiwa juu ya ubao wa mteremko na kinachotangulia chini ndicho mshindi. Uzito usizidi gramu mia moja na hamsini. Mtu mzima asaidie kwenye mashine za kukata tu. Mengine yote afanye mtoto mwenyewe.

"Wewe utakata, mimi nitatengeneza," Anifa alisema. "Na hutasema 'lete hapa nikuoneshe'."

"Mimi huwa nasema hivyo?"

Jirani yake Ansbert, fundi wa kuchomelea, alikuwa mlangoni akisubiri aazimwe nyundo. Alicheka mpaka akaivua miwani yake ya kazi. Khalfani akasema sawa, amekubali, na alikuwa anamaanisha. Alimpenda mno mjukuu wake, na mashine yake ilikuwa haijakaribiwa na mtu mwingine wa damu yake tangu zamani. Alijua pia, ingawa hakumwambia mtu, kwamba akimkera huyu naye hatarudi.

Wakaanza. Bodi ilikatwa kwenye kipande cha paini, kwa kuwa ni mbao nyepesi. Magurudumu yalitoka kwenye mninga: Khalfani alikereza mche mmoja wa mviringo, kisha akaukatakata kama muhogo wa kukaanga. Hapo kazi ya mashine ya kukereza ikaisha, na ya msasa ikaanza. Anifa alipewa kigoda karibu na mlango, penye mwanga, na magurudumu manne mapajani. Ekseli zilikuwa misumari. Msumari wa dukani, ukiuangalia vizuri chini ya kichwa, una vipele vya kiwandani, na kila kipele ni breki. Anifa aliufunga msumari kwenye drili, babu akabonyeza swichi, na yeye akaushikia tupa, kisha msasa wa kawaida, halafu ule msasa mweusi wa kulowesha wanaotumia wapaka rangi za magari. Misumari iling'aa mpaka ukajiona pua.

Ansbert naye alikuwa na maoni. Gerezani hakuna asiye na maoni.

"Pakeni grisi. Kila kinachozunguka kinataka grisi."

Walipaka. Kwa dakika tano magurudumu yalizunguka vizuri kabisa, kisha vumbi la mbao likaingia humo na grisi ikawa uji. Anifa alikaa mchana mzima akiifuta kwa kitambaa chenye mafuta ya taa, na kutoka siku hiyo Ansbert alipofungua mdomo alimtazama tu. Mwishowe dawa alileta mwenyewe kutoka shule: ncha za penseli. Alizisaga zikawa unga mweusi, akazinyunyiza kwenye misumari, na gurudumu likipigwa kidole lilizunguka mpaka ukachoka kulitazama. Khalfani aliligusa mara tatu. Alitaka kusema kitu, akakohoa.

Uzito walikwenda kupimia Kariakoo, kwa Abdulrazak muuza viungo, mwenye mzani unaojua hata punje ya pilipili manga. Gari likawekwa kwenye sinia la iliki. Gramu mia moja thelathini na moja. Hafidhi alileta vipande vya risasi vile wanavyobandika kwenye rimu kubalansia tairi, na Anifa akavipachika kimoja kimoja nyuma ya bodi mpaka mzani ukatulia kwenye mia moja na hamsini kamili. Gari likanukia iliki wiki nzima.

Majaribio yalifanyika mlangoni mwa karakana, kwenye ubao ulioegemezwa juu ya benchi. Anifa alisimama ndani na kuachia gari. Baba yake alisimama nje ya kizingiti, simu mkononi, akipima sekunde. Namba ziliandikwa nyuma ya daftari la hisabati. Siku moja gurudumu la mbele kushoto lilimeguka kidogo pembeni, na Anifa akalipiga msasa ili lirudi kuwa duara. Akalijaribu, akatazama daftari, akalichomoa akalipiga msasa tena. Siku tatu mfululizo alikuwa na gurudumu hilo hilo. Babu alimwona akinong'ona na baba yake na wote wawili wakitabasamu, akadhani ni mambo ya shule.

Ijumaa, mashindano yakiwa Jumapili, gari lilipakwa rangi ya bluu na kuachwa karakana likauke.

"Babu, unalinda tu," Anifa alisema.

"Nalinda tu."

Na alilinda. Alilinda karibu saa nzima. Kisha, kwa kuwa rangi ilikuwa imekauka na kioo kilikuwa pale pale, akaliweka gari juu ya kioo. Akabonyeza kona ya mbele kushoto.

Ti-ti.

Khalfani alilifunika gari kwa kitambaa, akaenda kunywa kahawa. Aliporudi alilifunua. Gurudumu lilikuwa dogo kuliko wenzake, limening'inia haligusi chini, unene wa karatasi mbili au tatu. Masikini mtoto, alijiambia, msasa umemponyoka. Aliona picha yote ya Jumapili: gari linayumba mbele ya watu, mtu anauliza hilo gari limetoka karakana gani, na mjukuu wake anatajwa kwa kicheko. Hakuweza kuvumilia. Alikuwa anamwonea huruma kwa moyo wake wote, na mikono yake ilikuwa imeshawasha mashine. Gurudumu jipya lilichukua dakika sita. Alilipaka bluu, akalitia unga wa penseli, akaliweka gari kwenye kioo, na magurudumu yote manne yakakaa kimya. Lile dogo alilitia mfuko wa shati. Usiku huo alilala usingizi mzuri kabisa, na hilo ndilo lililomuumiza baadaye.

Jumapili asubuhi uwanja ulikuwa na vigari ishirini na nne, na wazazi zaidi ya hapo. Ubao wa mteremko ulikuwa na njia sita, na chini yake kipande kirefu cha tambarare. Mwamuzi alikuwa Rogath, fundi redio mstaafu, mtu wa kanuni. Alikuwa amechora mstari wa chaki chini. Meza ya watoto ilikuwa upande wa pili wa mstari, na mtu mzima aliyeusogelea alitakiwa kuweka mikono nyuma.

"Mikono nyuma, mzazi," alirudia asubuhi nzima, na watu wazima wenye heshima zao walijipanga pale kama wanafunzi waliochelewa paredi.

Kila gari lingekimbia duru mbili, na matokeo mazuri zaidi ndiyo yangehesabiwa kuingia fainali. Duru ya kwanza. Gari la bluu liliondoka vizuri, likashuka na wenzake, lakini lilipofika kwenye tambarare likaishiwa pumzi. La tano kati ya sita. Hafidhi aliitazama simu yake, akaitazama tena.

Anifa hakulia. Alilichukua gari lake, akaliweka mezani, akabonyeza kona ya mbele kushoto kwa kidole. Akabonyeza tena.

"Limetulia," alisema.

"Limetulia hasa," Khalfani alisema kutoka nyuma ya mstari, akitabasamu, kwa maana kwake hiyo ni sifa.

"Halikuwa hivi, babu. Hili gurudumu nililipunguza. Nilitaka lisiguse chini. Yakigusa matatu yanasuguana kidogo kuliko manne, ndiyo maana linakimbia. Nimepima mara kumi na nne na baba." Aligeuza gari, akalitazama lile gurudumu jipya, duara safi lisilo na kasoro, akaelewa limetoka wapi. "Umelibadilisha."

"Nilidhani umekosea," Khalfani alisema.

"Hukuniuliza."

Hakuisema kwa ukali. Aliisema kama mtu anayesoma namba kwenye daftari. Khalfani alihisi aibu ikimpanda kutoka miguuni, aibu ya mtu mzima wa miaka sitini na moja mbele ya mtoto wa miaka kumi, na mbaya zaidi ilikuwa ya haki. Aligeuka kumtazama mwanawe. Hafidhi alikuwa anaangalia viatu vyake, na uso wake ulikuwa ule ule wa kijana aliyeitazama stuli kidogo halafu akaenda kunawa mikono. Ndipo Khalfani akaogopa kweli. Aliona wazi kwamba anaweza kumpoteza mtoto wa pili kwa kosa lile lile, na safari hii hatakuwa na cha kusingizia.

Akatia mkono kwenye mfuko wa shati. Lile gurudumu dogo lilikuwemo.

"Mwamuzi," alisema kwa sauti ambayo watu wote waliisikia, "mtoto alifanya sawasawa. Aliyeharibu ni mimi, babu yake. Naomba arudishe gurudumu lake."

Rogath alilipokea, akalipima kwa macho, akasoma karatasi yake ya kanuni mbele na nyuma. "Kati ya duru na duru, matengenezo yanaruhusiwa," alisema. "Mtoto peke yake. Mzee, mikono nyuma."

Khalfani akaweka mikono nyuma. Anifa alichomoa msumari kwa koleo, akatoa gurudumu la babu, akachovya msumari kwenye unga wa penseli, akavika gurudumu lake, akachukua nyundo ndogo. Pigo la kwanza, msumari ukaenda upande. Khalfani aliuona. Aliuona kabla ya Anifa.

"Le..." alianza, na neno akalimeza. Nyuma ya mgongo wake mkono wa kulia uliushika wa kushoto kwa nguvu.

Anifa aliutazama msumari. Aliuchomoa, akauviringisha mezani kuona kama umepinda, akaanza upya, akigonga taratibu. Safari hii ukanyooka. Akalipiga gurudumu kidole, likazunguka hewani bila kugusa kitu chochote.

Duru ya pili gari la bluu lilifika la kwanza, na lilipita lile eneo la tambarare kama vile halikuambiwa kwamba mteremko umekwisha. Fainali lilishindwa kwa urefu wa kichwa cha msumari na gari la msichana mmoja aitwaye Joyceline, lililokuwa na sura ya kipande cha sabuni na halikupakwa hata rangi. Anifa alimpa mkono, kisha akalipindua lile la sabuni kuangalia chini. Lilikuwa na magurudumu matatu yanayogusa. Wasichana wakatazamana, na dakika ile ile wakawa marafiki.

Mchana wote walikwenda kula Kariakoo, nyumbani kwa Khalfani, nyumba ya zamani yenye vyumba huku na huku na ua nyuma. Bi Hajira, mkewe, alikuwa amepika pilau uani. Alimkumbatia mjukuu, akasikiliza habari ya mashindano mwanzo hadi mwisho, hasa sehemu ya babu, kisha akaenda kukaa kwenye stuli yake karibu na bomba la maji ili apakue. Kabla ya kukaa aliinama, akachukua kipande cha boksi kilichokunjwa mara nne, akakisukuma chini ya mguu mmoja. Alikuwa akifanya hivyo kila siku, na kila siku Khalfani humwambia kwamba sakafu ile ilimwagwa na fundi mlevi.

Leo hakusema. Alisimama na sahani mkononi akiitazama ile stuli.

"Mama Hafidhi, hebu nyanyuka kidogo."

"Nimekaa sasa hivi."

"Nyanyuka kidogo tu, tafadhali."

Khalfani alipiga magoti pale uani na kanzu yake safi, akaweka shavu karibu na saruji. Bomba la maji lilikuwa limefukiwa chini ya sakafu zamani sana, na saruji iliyofunika juu yake ilikuwa na mgongo, upana wa kidole. Mguu mmoja wa stuli ulikuwa umepanda juu ya mgongo huo. Mguu wa mbele kushoto, ule aliouweka yeye.

Alipitisha kidole juu ya ule mgongo wa saruji, mwanzo hadi mwisho.

"Hafidhi," alisema bila kuinuka. "Ule mguu wako. Uliufanya mfupi makusudi?"

Hafidhi aliweka sahani yake chini. "Mama anakaa hapo siku zote, kwa sababu ya bomba. Nilikuja nikapima kwa kamba."

"Mbona hukuniambia?"

"Nilikuwa na miaka kumi na tisa, baba."

Khalfani alitikisa kichwa taratibu. Hakuomba msamaha mbele ya pilau, hakujua maneno yake. Alivaa viatu akatoka, na kwa kuwa Kariakoo na Gerezani zimepakana hakuchukua muda. Aliporudi alikuwa na jasho, nyundo, na mguu wa stuli uliokuwa na vumbi la miaka kumi na minne. Aliufuta kwa upindo wa kanzu, akampa mwanawe.

"Uweke," alisema.

Hafidhi aliushika, akauzungusha kwenye vidole, akatafuta pale patasi yake ilipowahi kuteleza, akapaona. Akaipindua stuli, akang'oa mguu wa baba yake, akaanza kuugonga wake. Ulikuwa umekauka na kubana. Aliugonga huku, akaugonga kule. Khalfani alisogea hatua moja, akasogea ya pili, mdomo ukafunguka.

"Babu," Anifa alisema huku anatafuna. "Mikono."

Khalfani akaweka mikono nyuma.

Stuli ikasimamishwa pale pale karibu na bomba. Hajira akakaa, akajisogeza huku na huku, na kwa mazoea akanyoosha mguu kulitafuta boksi lake alisukume mahali pake. Hapakuwa na pa kulisukuma. Aliinama akaliokota, akalitupa kwenye jiko la mkaa, akauliza nani bado hajapata nyama.